Mzigo wa mama una bei, na ndoo ya moto pia

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nauza vitenge Mwanjelwa, hapa Mbeya. Tumepanga wasichana watatu nyumba ya vyumba vitatu huku Ilomba. Kodi ni 240,000 kwa mwezi, kila mtu anatoa 80,000. Umeme, gesi na maji tunagawana kwa tatu. Kila baada ya wiki mbili mama ananitumia mzigo kutoka Tukuyu: mkungu wa ndizi, maharage, parachichi, mara nyingine na mchele wa Kyela. Wenzangu wanakula utadhani wamelima wao. Mmoja kwao Vwawa, mwingine Makambako, lakini sijawahi kuona hata hindi moja kutoka huko. Nikisema tuchange hela ya chakula, wananijibu, 'Si vya nyumbani tu hivyo?' Juzi yule wa Makambako kanisema mbele ya fundi bomba kwamba ninamaliza umeme, eti kwa kuwa naoga maji ya moto ya hita ya ndoo asubuhi na jioni. Chumba changu ni masta, sipangi foleni na mtu, wao inawahusu nini? Na baridi hii ya Juni, Shangazi! Nijitenge, nipike changu? Niliyechoka, Ilomba."

Marahaba mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja. Mara ya pili nikakwama kwenye neno ulilolipitisha haraka haraka: masta.

Lakini tuanze na chakula, maana ndiko kunakokuuma. Vya nyumbani si vya bure. Kuna aliyeyapalilia yale maharage, kuna aliyebeba mkungu kichwani hadi barabarani, konda kalipwa, na wewe umekwenda kuupokea stendi ya Nanenane ukakodi bajaji mpaka Ilomba. Anayekula humo mwezi mzima bila kuleta hata kitunguu ni mdoezi, hakuna jina jingine. Sasa nikuulize: mzigo wa kwanza ulipofika, ulisemaje? Mimi nahisi ulifungua kiroba palepale sebuleni ukasema, "Karibuni ndizi." Basi hiyo ilikuwa zawadi, na huwezi kuigeuza deni leo. Ya nyuma samehe yote, usilete hata hesabu yake. Ya mbele ndiyo yapangiwe bei.

Bei yenyewe, ningekuwa mimi, ningepiga nusu ya bei ya sokoni Mwanjelwa, nikajumlisha nauli ya mzigo na bajaji. Mbona nusu? Kwa sababu mkungu mzima huuwezi peke yako. Ndizi zikianza kugeuka njano, na parachichi zikalainika zote siku moja, ni wewe utakayewabembeleza wenzako wazile. Kila mtu aweke, tuseme, 15,000 kwa wiki jikoni. Wewe wiki ya mzigo unaandikiwa thamani yake kwenye daftari, unatoa kinachobaki. Na yule wa Vwawa akileta gunia la mahindi, naye anaandikiwa vilevile. Utashangaa jinsi mahindi ya kwao Mbozi yatakavyoanza kupanda gari.

Kujitenga sikushauri. Nilipoanza kazi Iringa nilikaa na wenzangu wawili, nikaudhika kama wewe, nikalifunga kabati la chakula kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni. Nilisafiri wiki tatu. Kurudi, mchele wangu wote una fukusi, hao wadudu ndio waliojigawia bila kuniuliza, na wenzangu walikuwa wamekosa hata namna ya kuuanika juani. Halafu kuna gesi. Huku kwetu juu, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, hayafiki 100 kama Dar, ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakaa jikoni mpaka mtu anakata tamaa. Vyungu vitatu vya maharage katika nyumba moja, mtungi wa kilo 15 utauona unavyokwenda. Loweka usiku, chemsheni mara moja ya wote, ikiwezekana kwa mkaa.

Sasa umeme, na hapa utaninunia kidogo. Ndoo ya lita 20, kuitoa kwenye ubaridi wa asubuhi hadi joto la kuogea, inakula karibu yuniti 0.7. Ndoo mbili kwa siku ni 1.4. Kwa mwezi ni yuniti 42, za mwili mmoja. Kama mita yenu iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, yuniti 75 za kwanza mnazipata kwa kama 9,150 pamoja na makato, ila ukivuka hapo kila yuniti inaruka hadi 427 hivi. Kwa hiyo wewe unaoga zile za rahisi, na wenzako wanapiga pasi kwa zile za ghali. Mkizoea kuvuka mnahamishiwa tarifu ya kawaida, 10,000 inawapa yuniti 28 tu. Yule binti wa Makambako alikosea kukusema mbele ya fundi. Hesabu yake haikukosea.

Na masta. Choo chako, bafu lako, mlango wako, kwa 80,000 ileile ya anayesubiri foleni na taulo begani saa kumi na mbili asubuhi? Hapana. Toa 100,000, wao 70,000 kila mmoja. Umeme wa kawaida gawaneni kwa tatu, wa maji ya kuoga kila mtu kwa ndoo zake, chora vijiti kwenye karatasi nyuma ya mlango wa jikoni. Maji na taka acheni hivyohivyo, kwa vichwa. Ile kodi ya jengo inayokatwa mnaponunua umeme wa LUKU tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, mkumbusheni aipunguze mnapolipa kodi ya miezi sita.

Waite Jumapili mkitoka kanisani, mkiwa mmeshiba. Anza wewe na masta, kabla ya ndizi. Ukianza na ndizi watakujibu kwa masta, na hapo mtaamshana mpaka na majirani.

Kabla ya hapo mpigie mama. Muulize ule mzigo anapoufunga huwa anawahesabu watu wangapi. Akikwambia "wewe na wenzako", mwambie ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha uipunguze tena ile nusu ya bei.

Jambo la mwisho, hiyo hita yako ya ndoo: usipime joto kwa kidole ikiwa bado iko kwenye soketi. Zima, chomoa, ndipo uingize mkono.