Jibu: Kwa nini akiimba hakwami?

Umeuliza kwa nini mdogo wako hushikwa na kigugumizi akiongea lakini akiimba hakwami, na kama metronomu, yaani kifaa kinachopiga mdundo kwa mwendo sawa, itamsaidia. Kwanza, si woga wala uvivu wa ulimi, msimlaumu. Kabla ya neno kutoka, mawimbi ya beta ya ubongo, yaani mapigo ya umeme ya mizunguko 13 hadi 30 kwa sekunde, kwa kawaida hupungua nguvu katika sehemu za ubongo zinazoendesha midomo, ulimi na koo. Kwa mwenye kigugumizi, ishara ya ndani ya kuanzisha silabi ndiyo inayoonekana kuyumba, ndiyo maana hukwama zaidi mwanzoni mwa neno. Wimbo, mdundo, au kusoma kwa pamoja na mtu mwingine humpa ishara hiyo kutoka nje.

Anzeni na midundo 80 kwa dakika, silabi moja kila mdundo: ni-na-kwe-nda so-ko-ni. Asibane pumzi akisubiri mdundo. Koo likijifunga, kukwama kunarudi palepale. Akizoea, pandisheni kidogo kidogo. Ila mkiizima metronomu, nafuu nyingi huondoka nayo, kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya usemi bado anahitajika. Na tafadhali, msimmalizie maneno.