Skana au mwiko? Majibu kwa wachimbuaji wa mambo ya kale

Skana ya leza inapima shimo zima kwa dakika chache. Kwa nini msimamizi wangu ananilazimisha kuchora kuta zake kwa penseli?

Kwa sababu skana inapima tu, haiamui. Ukichora, huna budi kujiuliza tabaka hili la udongo linaishia wapi, na lile la juu limelikata au limelifunika. Nyunyizia ukuta maji kidogo, ukwangue kwa mwiko wa kuchimbulia, utaona mipaka ambayo dakika moja nyuma haikuwepo. Kule Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939, mbao za meli ya kale iliyozikwa zilikuwa zimeoza zote. Mchimbuaji Basil Brown aliifuata kwa misumari yenye kutu na rangi ya mchanga, na umbo lote likajitokeza. Kwa vipimo vyenyewe, lakini, iamini skana kuliko futi ya mkono. Utepe hulegea na mtu huchoka.

Rada imeonyesha uwazi chini ya ardhi. Tutangaze chumba?

Msitangaze! Rada huleta mwangwi tu, na ufa katika mwamba nao hurudisha mwangwi. Udongo mzito wa mfinyanzi, au wenye chumvi, huyameza mawimbi kabla hayajafika mbali. Mwaka 2015 vipimo vya rada katika kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri, viliamsha matumaini ya vyumba vilivyofichwa nyuma ya kuta. Mwaka 2018 uchunguzi mpana zaidi wa rada haukuviona. Linganisheni na piramidi ya Khufu: vipimo vilidokeza kuna ujia, na mwaka 2023 kamera nyembamba ikapenyezwa kati ya mawe ikauona, urefu wake mita 9 hivi. Huo ndio mpangilio ninaousisitiza: chombo kidokeze, jicho lithibitishe.

Je, kuna mahali teknolojia inashinda moja kwa moja?

Msituni. Leza ya kwenye ndege ilifichua zaidi ya majengo 60,000 ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, kaskazini mwa Guatemala, matokeo yakatangazwa 2018. Kwa panga na dira hiyo ingekuwa kazi ya vizazi. Bado watu walikwenda kwa miguu kukagua baadhi yake.

Tukishaskani, madaftari ya nini?

Uchimbuaji huharibu kile unachokisoma, na tabaka likishaondolewa halirudi. Faili huhitaji programu ya kulifungua, na programu hupitwa na wakati. Daftari lahitaji mtu anayejua kusoma. Tunzeni vyote, nakala za faili zikae sehemu mbili tofauti, na kila mchoro uandikwe tarehe na jina la aliyeuchora.