Maswali na Majibu: Kichwa cha Risasi, Baruti na Joto

Kila mwaka kusi likishika kasi mimi hufunga nyumba yangu hapa Malindi nikavuka mpaka kwenda Tanzania, kwenye vitalu vya uwindaji, kutunza bunduki na risasi za wageni wenye vibali. Nikirudi nayakuta maswali yenu yamenisubiri. Leo nimechagua yanayohusu magnamu, yaani bunduki za ganda kubwa na baruti nyingi. Neno "risasi" kwetu lina maana nyingi, basi tukubaliane: nikisema "kichwa" nakusudia kile kinachoruka kutoka mtutuni, na "ganda" ni kile kinachobaki.

Shikamoo mzee. Nataka kujifunza kujaza risasi mwenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa. Naweza kuanzia nyumbani? (Kijana wa Shela, Malindi)

Marahaba, mwanangu. Nyumbani, hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimruhusu mtu asiye na kibali kutengeneza risasi. Usijaribu hata moja. Ukiipenda kazi hii kweli, tafuta mwajiri mwenye leseni kule inakoruhusiwa, ukae chini ya fundi. Mimi mwenyewe nilipangusa maganda muda mrefu kabla sijakabidhiwa mzani.

Kaka, kati ya .375 na .458 ipi ya kumlaza mbogo? Si iliyo kubwa ndiyo bora? (Msomaji, Lamu)

Hapana, ndugu yangu, na hili naliwekea mkazo. Namba hizo ni kaliba, yaani upana wa kichwa kwa inchi. .375 Holland & Holland ilitoka mwaka 1912. Kichwa chake cha greini 300, kama gramu 19 hivi, huruka karibu mita 770 kwa sekunde. .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 hurusha greini 500, zaidi ya gramu 32, ila polepole kidogo. Zote mbili zinamuua mbogo. Tofauti inayoonekana haraka iko begani mwa mpigaji: .458 ina teke zito, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Nimewaona wengi wakikosa namna hiyo, na mbogo aliyejeruhiwa huwa tunamfuata sisi, kichakani.

Wazee wetu Wawaata, huko nyuma yetu kuelekea mto Galana na Tsavo, walimwangusha tembo kwa upinde na mshale wa sumu. Walimsogelea mpaka karibu kabisa, wakauweka mshale mahali laini ambapo sumu ingepenya hadi kwenye damu. Naye Mskoti W.D.M. Bell, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7, kwa vichwa vigumu visivyofunguka. Aliujua ubongo wa tembo ulipo. Usimwige kwa kaliba, maana Tanzania haikubali chini ya .375 kwa wanyama hatari. Mwige kwa kujua mwili wa mnyama. Chukua bunduki kubwa unayoweza kuipiga ukiwa umetulia, basi.

Ndugu, nafanya kazi kitaluni. Mgeni wetu alimpiga pofu begani kwa magnamu mpya, kichwa kikapasuka juu juu, mnyama akakimbia. Kulikoni? (Msomaji, Mambrui)

Mwendo ndio uliokivunja. Watu hudhani kasi huongeza upenyaji, kumbe kichwa laini kikigonga mfupa kwa kasi kubwa hutawanyika kabla hakijafika moyoni. Mwaka 1946 yalimkuta Mmarekani John Nosler: alikuwa na .300 magnamu huko Kanada, na paa mkubwa aina ya musi, ngozi imeganda matope, akapigwa asianguke. Nosler akaenda kuunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele hufunguka, nusu ya nyuma hubaki nzima ikaendelea kusukuma.

Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu pia, ambavyo navipendelea kwa pofu na mbogo, na tena tumbusi anayekula matumbo tuliyoyaacha hamezi vipande vya madini ya risasi vikamsumu. Lakini tahadhari: shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu, huzama zaidi ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Kipimo cha baruti cha kichwa kimoja usikihamishie kingine. Fuata jedwali la aliyekitengeneza, anzia chini, panda kidogo kidogo.

Bwana fundi, joto linaathiri? (Msomaji, Watamu)

Linaathiri sana. Baruti iliyopata joto huwaka kwa mgandamizo mkubwa zaidi, na kipimo kilichokuwa salama Ulaya kwenye baridi chaweza kugandisha bolti, yaani komeo la bunduki, huku. Ndiyo maana Waingereza wa zamani waliipa .416 Rigby, mwaka 1911, ganda kubwa lenye mgandamizo mdogo. Usiache risasi kwenye dashibodi ya gari. Na sisi wa Pwani tuna chumvi ya bahari: zihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Maganda ya magnamu yanajazwa mara ngapi? (Msomaji, Lamu)

Mara ngapi si kipimo, kwani chemba, yaani matundu ya bunduki yanayoshika ganda, zinatofautiana. Tazama kitako. Ganda la .375 lina mkanda ulionyanyuka, na karibu juu ya mkanda huo ndipo ganda linapovutika kila likipigwa na kurudishwa umbo. Ukiona duara linalong'aa hapo, shaka. Chukua waya mwembamba, ikunje ncha yake kama ndoana ndogo ya kuvulia changu, ipitishe ndani ukikwaruza ukuta taratibu kutoka chini kwenda juu. Ncha ikitumbukia kwenye kijishimo, ganda limeanza kukatika ndani. Liponde kwa koleo papo hapo, lisirudi kopoini.