Re: Friji au PS4 kwanza?

Mkuu, umesema umepanga chumba Uyole, Mbeya, unaishi peke yako, na hela inatosha kitu kimoja tu. Mimi nasema chukua PS4, hiyo mashine ya gemu. Kwa baridi ya Uyole mwezi wa sita, friji ya nini? Maharage ya jioni yanalala kwenye sufuria, asubuhi unayachemsha unaendelea na maisha. Ungekuwa Kyela kwenye joto ningekwambia kingine.

Kuhusu umeme wa LUKU, huu wa kulipia kabla, usiogope. PS4 ikicheza haifiki wati 200, kwa hiyo uniti moja unasukuma gemu masaa matano na zaidi. Wanaokula umeme ni hizo shawa za maji moto: ya wati 5,000 inamaliza karibu uniti nzima kwa dakika kumi na mbili. Ila kama mnachangia mita moja, jiandae, maana jirani akisikia kelele za mpira kila usiku atasema wewe ndiye unayemaliza umeme, hata kama yeye anapikia jiko la koili.

Ukienda kuangalia PS4 ya mtumba pale sokoni Mwanjelwa, usikubali kuonyeshwa taa ya bluu tu. Weka CD, cheza mechi nzima, sikiliza feni. Shika padi bila kugusa kitu: mchezaji akianza kutembea mwenyewe, hicho kijiti cha kuongozea (analogi) kimekwisha, dai punguzo. Na ukimaliza kucheza izime kabisa, usiiache imelala (rest mode). Umeme ukikatika ghafla ikiwa imelala, data zako zinaweza kuharibika, na ligi yote uliyocheza ikapotea.