Kurudishia triga ya 1911 baada ya kusafisha, na vipimo nisivyoviruka

Wengi wakimaliza kurudishia bastola huvuta slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele) mara moja, husikia chuma kikigonga chuma, wakaridhika na kuirudisha sandukuni. Mimi hapo ndipo ninapoanza kazi. Bastola inaweza kuonekana nzima kabisa, pini zote mahali pake, hakuna kipande kilichobaki mezani, na bado ikafyatuka sefti, yaani kizuizi chake cha usalama, ikiwa juu, imefungwa. Kwa macho hutajua, mpaka uipime.

Naandika kuhusu bastola iitwayo 1911 kwa sababu ndiyo niliyoizoea hapa Texas, na ndiyo wanayoniletea jamaa zangu mezani ikiwa vipande. John Moses Browning ndiye aliyeibuni, na jeshi la Marekani liliipokea rasmi tarehe 29 Machi 1911. Ilidumu mikononi mwa askari hadi bastola ya Beretta ilipochaguliwa mwaka 1985. Watu huiogopa kuifungua, lakini Browning aliipanga kwa ajili ya askari asiye na sanduku la vifaa: kile kijiti kinachoning'inia kwenye nyundo (kipande cha nyuma kinachoanguka kuipiga pini ya kufyatulia) kinatosha kusukumia pini nyingi za bastola hiyohiyo. Ukielewa kila kipande kinamsukuma nani, kuirudishia si kazi ya kutisha.

Nitakayosema yanahusu zile za mtindo wa zamani, ambazo wenye nazo huziita Series 70. Colt walipoleta Series 80 mwaka 1983 waliongeza kizuizi cha pini ya kufyatulia pamoja na vijiti viwili vya kukiinua ndani ya fremu, yaani kiwiliwili cha bastola. Hiyo ina mpangilio wake, na kipimo kimoja kati ya hivi hakiihusu.

Kabla ya lolote, toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, kwa macho kisha ipapase kwa ncha ya kidole. Risasi zote zitoke chumba hicho, ziende chumba kingine. Si kuziweka pembeni ya meza, zitoke kabisa. Vipimo vyenyewe vinakutaka ubonyeze triga tena na tena, na mkono ukishazoea kubonyeza hauulizi kama kuna risasi au hakuna. Watoto nao wasiwepo karibu. Na kama unasoma haya ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, ile leseni ni ya kumiliki silaha. Kabla hujafungua zaidi ya slaidi na mtutu, muulize aliyekupa leseni kipi unaruhusiwa kukifanya mwenyewe na kipi ni cha fundi aliyesajiliwa.

Haya, tuseme vipande vimeshasafishwa na kukaushwa. Triga huingia kwa nyuma ya fremu, halafu kitufe cha magazini huingia kuizuia isirudi ilikotoka. Hapo hakuna la kueleza sana, ila hakikisha triga inateleza mbele na nyuma kwa uzito wake wenyewe unapoinamisha fremu. Ikikwama, kuna uchafu kwenye mfereji wake, au ile fremu nyembamba ya triga inayozunguka magazini imepinda. Usiendelee mpaka iteleze.

Sasa tunafika penye kazi. Kuna vipande viwili vidogo vinavyokaa pamoja kwenye pini moja. Cha kwanza ni kishikizi, kinachoizuia nyundo isianguke. Ncha yake hung'ata meno ya nyundo kwa upana usiofika milimita moja. Cha pili ni diskonekta, chenye kichwa kinachochungulia juu ya fremu. Kazi yake ni kuunganisha triga na kishikizi pale tu slaidi ikiwa imefunga kabisa. Slaidi ikirudi nyuma hukibonyeza kichwa hicho chini, na triga hata ukiivuta haimgusi kishikizi. Kwa sababu ya kipande hiki bastola hutoa risasi moja kwa kila mbonyezo.

Viunganishe mkononi kwanza: diskonekta katikati ya miguu ya kishikizi, upande wake bapa ulioinama ukitazama nyuma, ncha ya kishikizi ikitazama juu. Mimi huvishika na koleo ndogo ya kunyofolea nyusi, naviteremsha ndani ya fremu hadi kichwa cha diskonekta kiingie kwenye tundu lake. Kisha nachungulia tundu la pini kwa pembeni. Nikiona duara safi la mwanga, pini itaingia bila nguvu. Nikiona nusu mwezi, kipande kimoja kimekaa upande, na kugonga pini hapo ni kuharibu. Pini huingia kutoka kushoto, kichwa chake kikibaki upande huohuo. Ikishaingia, kibonyeze kichwa cha diskonekta kwa kidole: kishuke na kupanda bila kusitasita, maana tundu lake limetobolewa kwa urefu makusudi ili kipate kucheza juu na chini. Tone moja la mafuta hapo linatosha.

Nyundo inafuata, pini yake nayo kutoka kushoto, kijiti chake kikining'inia nyuma.

Springi ya vidole vitatu ndiyo inayowatesa wengi. Ni bati la chuma lililopinda, na mkiani lina ulimi mdogo unaoingia kwenye mkato wa fremu kwa chini. Ukiitazama bastola kwa nyuma, kidole cha kushoto kinakaa juu ya mguu wa kishikizi, cha katikati kinakaa kwenye ule upande bapa wa diskonekta, cha kulia kinaisubiri sefti ya mpini, ile inayobonyezwa na kiganja nyuma ya mpini. Hakikisha kwa macho, tena kwa tochi. Kidole cha kushoto kikiteleza pembeni ya mguu wa kishikizi, nyundo haitakubali kukaa imekokiwa, yaani kuvutwa nyuma ikabaki huko. Cha katikati kikikosea, triga itabaki nyuma, imelegea, haina uhai. Ukiridhika, ingiza kibebeo cha springi kuu (kile kipande cha nyuma ya mpini chenye springi inayoisukuma nyundo) kutoka chini, kisimame kabla hakijafika juu, kiasi cha kuibana springi isihame. Bonyeza triga: ikusukume mbele kwa uchangamfu.

Weka sefti ya mpini, rudisha nyundo nyuma, kisha ingiza sefti ya kidole gumba, ile ya pembeni inayopandishwa na kushushwa. Hiyo ya mwisho inahitaji subira. Iweke katikati ya juu na chini, uisukume huku ukikibonyeza ndani kile kipini chenye springi kwenye kimrija cha pembeni. Usiigonge kwa nyundo ya fundi. Ikiingia, teremsha nyundo kwa kidole gumba, elekeza kijiti chake kwenye kikombe cha springi kuu, shikilia sefti ya mpini ikiwa imebonyezwa, halafu sukuma kibebeo hadi juu na uingize pini yake. Hapo inahitaji kiganja chenye nguvu kidogo. Neno moja: bila slaidi juu, usiiache nyundo ianguke yenyewe ukavuta triga. Itaipiga fremu na kuiumiza. Izuie kwa kidole gumba kila mara.

Rudisha mtutu na slaidi. Vipimo vinaanza, na risasi bado ziko chumba kingine. Iangalie chemba tena hata kama una hakika.

Cha kwanza ni sefti ya kidole gumba. Koki nyundo, pandisha sefti, shika mpini sawasawa na uvute triga kwa nguvu kuliko kawaida. Nyundo isitikisike. Achia triga. Sasa shusha sefti bila kugusa triga. Nyundo ibaki palepale. Ikianguka hapo, bastola hiyo ni ya hatari na haitoki mezani. Kuna hatua nyingine ambayo wengi hawaifanyi: baada ya kushusha sefti, isogeze bastola karibu na sikio, mtutu ukielekea upande salama, na uivute nyundo nyuma kidogo sana kwa kidole. Ukisikia mlio mdogo wa “tik”, maana yake kishikizi kilikuwa kimeshaanza kusogea ulipovuta triga huku sefti ikiwa juu, na sasa kinarudi mahali pake. Leo hakikuachia. Chuma kikila zaidi, kitaachia. Sefti hiyo inahitaji kubadilishwa au kurekebishwa na fundi. Nikipima bastola ya mtu huwa naomba radio izimwe kwa ajili ya mlio huo tu.

Cha pili ni sefti ya mpini. Koki, shusha sefti ya kidole gumba, ishike bastola bila kuibonyeza ile sefti ya nyuma, vuta triga. Isitokee kitu. Ibonyeze, vuta tena, nyundo ianguke. Hiki hakina utata.

Cha tatu ni cha diskonekta, na ningeambiwa nichague kimoja tu, ningechagua hiki. Koki, vuta slaidi nyuma kama milimita 6, ishikilie hapo, vuta triga. Nyundo isianguke. Huku ukiendelea kuivuta triga, irudishe slaidi mbele taratibu. Nyundo bado isianguke. Sasa achia triga pole pole hadi uhisi imejishika upya, vuta, na nyundo ianguke. Rudia, safari hii triga ikiwa imevutwa tangu mwanzo na slaidi ikirudi nyuma kabisa. Kama nyundo inaifuata slaidi mbele, kuna kasoro kwenye kishikizi, springi au diskonekta, na bastola hiyo ikipata risasi inaweza kutoa mbili kwa mbonyezo mmoja. Kama triga haijishiki upya, mara nyingi ni uchafu tu kwenye tundu la diskonekta, au ni kidole cha katikati cha springi. Fungua uangalie.

Cha nne ni mkato wa nusu. Vuta nyundo nyuma kidogo hadi iingie kwenye mkato wa kati, si kukoki kamili, na uvute triga. Kwenye mtindo wa zamani nyundo haianguki. Kwenye Series 80 itaanguka, maana imetengenezwa hivyo, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo hiki. Mwishowe ingiza magazini tupu na uvute slaidi: ibaki imefunguka nyuma.

Kipimo kikifeli, kishawishi ni kuchukua tupa au msasa ukaanza kukwangua kishikizi na meno ya nyundo. Nakusihi usifanye hivyo. Uso wa vipande hivyo umekazwa kwa moto, na pembe zake ndizo zinazoishika nyundo. Ukishaipoteza pembe, huirudishi kwa mkono. Wanaotaka triga laini hununua vipande vilivyokwisha kulinganishwa, au humlipa fundi. Kurudia kupanga springi ni kazi yako; kukata chuma si yako.

Ikishavuka vipimo vyote, bado haijawa bastola ya kuvaa kiunoni. Ipeleke kwenye uwanja wa shabaha. Weka risasi moja tu kwenye magazini, piga, uangalie kama slaidi imebaki nyuma. Kisha weka mbili, si zaidi, ushike kwa mikono miwili na kuipiga ya kwanza. Kama kuna kosa, hiyo ya pili ndiyo itakayokuambia, na ikitoka yenyewe angalau haina ya tatu nyuma yake. Ikitoka, toa magazini, fungua slaidi, mwite msimamizi wa uwanja, na bastola iende kwa fundi ikiwa tupu. Zikitoka kama ulivyozibonyeza, rudia mbili mbili mara kadhaa kabla hujajaza magazini.