Mfumo ukigoma kuwaka, soma fstab kwanza

Wadogo zangu, Linux ikigoma kuwaka, acheni kukimbilia kusakinisha upya. Nimeona mtu akifuta diski nzima, kazi zake zote zikaenda, kisa mstari mmoja wa fstab (faili la /etc/fstab linaloorodhesha patisheni za kufunguliwa mfumo ukiwaka) uliotaja UUID (namba ya utambulisho) ya diski aliyokwisha kuichomoa. Angewasha mashine kwa fleshi yenye Linux, akaweka # mbele ya mstari ule ili usisomwe, basi.

1. Mfumo wako ukiwa wa UEFI (njia ya kuwasha kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS), fleshi nayo iwake kwa UEFI. Folda /sys/firmware/efi isipokuwepo, rudi menyu ya kuwashia uchague upya.

2. Piga lsblk -f, ikuoneshe diski na patisheni zote, kabla ya amri yoyote. Leo diski ni sda, kesho ni sdb.

3. Hapa ndipo mnaponiumiza roho. Mnamaunti mzizi (mnaifungua patisheni yenye mfumo wenyewe ionekane kama folda) kwenye /mnt, mnaunganisha /dev, /proc, /sys na /run, mnaingia kwa chroot (amri inayokuweka ndani ya mfumo uliogoma), mnasakinisha upya keneli, kiini cha mfumo. Hakuna kosa hata moja. Mnawasha: kernel panic ileile, keneli imekwama. Juzi kijana mmoja alikesha na mzunguko huo. Alipakua ISO nyingine (faili la kutengenezea fleshi), akabadilisha fleshi, akaanza kuishuku diski, macho mekundu. Nikamwambia apige cat /etc/fstab ndani ya chroot, asome polepole. Mstari wa tatu: /boot, mahali pa keneli, ni patisheni ya peke yake, na hakuwa ameimaunti. Keneli na initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa pamoja na keneli mwanzoni) zote alizotengeneza usiku kucha zilikuwa zimeandikwa kwenye folda tupu ya /boot iliyo ndani ya mzizi. Mashine ikiwaka, GRUB, programu ya kuwashia, inasoma patisheni halisi, ambako hakuna kilichoguswa. Tukatoka kwenye chroot, tukafuta yale mafaili yaliyokuwa yanakula nafasi bure, tukamaunti /boot kisha /boot/efi, tukarudia amri ileile aliyoipiga tangu jioni. Ikawaka. Amri yake ilikuwa sahihi muda wote, ndiyo maana iliniuma. Ukiwa ndani ya chroot, piga findmnt /boot, ikuoneshe kama imemauntiwa. Isipojibu kitu na fstab inaitaja, usiendelee.

4. fsck (amri ya kukagua na kurekebisha patisheni) kwenye patisheni iliyomauntiwa ni kuharibu data. Naomba sana.

5. LUKS (diski iliyofungwa kwa nenosiri) hufunguliwa kwanza kwa cryptsetup open. Btrfs (aina ya mfumo wa faili) mara nyingi hutaka subvol=@ unapoimaunti, la sivyo utakuta folda ya @ na kudhani mfumo umepotea.

6. apt, amri ya kusakinisha programu, ikishindwa kufika mtandaoni ndani ya chroot, angalia resolv.conf, faili la anwani za seva za DNS.

Ukimaliza: exit, umount -R /mnt, ndipo uwashe upya na kuchomoa fleshi.