Seva Isiyojibu Ping Haijafa

Anayesimamia seva iliyo mbali naye huletewa taarifa ya namna moja kila mara: "Kaka, huku mtandao hakuna." Maneno hayo ni ya kweli kwa anayeyasema, lakini hayampi fundi kitu cha kushika, kwa sababu kati ya kompyuta ya keshia na seva kuna kebo, swichi, ruta, mtoa huduma, DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani), fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano) na programu yenyewe, na chochote kati ya hivyo kikigoma, dalili inayoonekana kwenye kioo ni ileile. Natunza seva za matawi ya mikoani nikiwa Dar es Salaam, pamoja na nyingine zilizokodiwa Ulaya, na ushauri wangu mkubwa kwa anayeanza kazi hii ni kwamba asiulize swali moja kubwa, yaani kama seva ipo au haipo. Aulize maswali madogo kwa mpangilio, kila swali likiwa limechaguliwa ili jibu lake liondoe sababu moja. Terminali inatosha kwa kazi hiyo, na hata mtandao wa simu uliodhoofu unaibeba.

Wengi huanza na amri ya ping, nami sina ugomvi na mwanzo huo. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara moja ya Jeshi la Marekani, na hadi leo inafanya jambo lilelile dogo: inatuma ujumbe wa ICMP, itifaki ya kupima na kuripoti hali ya mtandao, na kusubiri mwangwi. Tatizo ni uzito ambao watu huupa ukimya wake. Wasimamizi wengi huzuia ICMP kwa makusudi, na baadhi ya seva za kukodi hutolewa zikiwa zimefungwa hivyo tangu mwanzo. Ping ikijibu, umejua kwamba mashine inapumua na njia ipo. Isipojibu, hujajua lolote bado. Nimeshuhudia watu wakiomba seva izimwe na kuwashwa upya kwa sababu ya ukimya huo peke yake, huku wateja wakiendelea kuitumia bila shida, na kuwashwa huko ndiko kulikowakatia huduma.

Swali lenye maana zaidi ni kama poti unayoihitaji, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia, inaitikia. Nikitumia 203.0.113.10, anwani ya kundi lililotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, amri ni `nc -zv -w 5 203.0.113.10 443`, na majibu yake yanastahili kusomwa neno kwa neno. Ukiona "succeeded", safari ya TCP, itifaki inayounganisha programu mbili, imekamilika na shida itafutwe kwanza kwenye programu. Ukiona "Connection refused", usisikitike, kwa sababu hiyo mara nyingi ni habari njema: umepiga hodi na mwenye nyumba amekujibu kwamba hapokei wageni, maana yake njia ni nzima na mashine iko hai, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile. Ukiona "timed out", umepiga hodi na hakuna aliyesema kitu. Ama mashine imezimika, ama njia imekatika, ama fayawoli inazitupa pakiti zako (vipande vya data ulivyotuma) kimyakimya. Jibu la nne, "No route to host", huwapotosha wengi, kwa kuwa linasomeka kama habari ya njia tu, ilhali baadhi ya fayawoli za Linux hulitoa zinapokataa muunganisho. Kwa hiyo ukilipata kwenye poti moja huku poti 22 ya mashine hiyohiyo, inayotumiwa na SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali), ikiitikia, acha kuwalaumu watoa huduma na uangalie kanuni za fayawoli.

Jaribu pia kutoka zaidi ya mahali pamoja. Mimi huwa na seva ndogo ya kukodi nje ya nchi, na simu yangu ina programu ya terminali inayotumia laini ya kampuni tofauti na ile ya ofisini. Poti ikigoma kutoka ofisini na kuitikia kutoka kwenye simu, tatizo liko upande wangu, na hapo nimeokoa saa nzima ya kumsumbua mtu wa tawini.

Kuhusu majina sitasema mengi. Endesha `dig +short` ukifuatiwa na jina la seva, kisha uulize tena kwa kuongeza `@1.1.1.1`, ambayo ni seva ya DNS ya umma, na majibu yakitofautiana, huenda DNS unayoitumia inashikilia kumbukumbu ya zamani au imevurugika. Linganisha na anwani uliyoiandika mahali pako mapema, maana siku DNS ikianguka hutakuwa na pa kuitafuta.

Njia yenyewe huchunguzwa kwa `mtr`, na hapa ndipo nimeona mafundi wazuri wakisoma vibaya. Amri `mtr -rwc 100` ikifuatiwa na anwani hutuma pakiti 100 kwa kila ruta iliyo njiani na kuziorodhesha zote pamoja na asilimia ya pakiti zilizopotea. Ukikuta ruta ya tano inapoteza asilimia 60 na zote zinazofuata hazipotezi kitu, ruta hiyo haina kosa. Kazi yake ni kupitisha pakiti, na kukujibu wewe ni jambo inalolifanya ikipata nafasi, hivyo imewekewa kikomo cha majibu. Upotevu wa kuutilia maanani ni ule unaoanza mahali fulani na kuendelea mpaka mstari wa mwisho. Kumbuka pia kwamba pakiti za kurudi zinaweza kupita njia nyingine kabisa, na ndiyo sababu ripoti ya upande mmoja ni nusu ya ushahidi.

Muda nao usomwe kwa akili. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwendo wa kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Frankfurt usingeshuka chini ya milisekunde 70 hivi hata kama kebo ingenyooka, na kwa kuwa kebo hupinda kufuata bahari, namba halisi huwa kubwa zaidi. Asikudanganye mtu kwamba kuna mpangilio wa seva utakaoishusha chini ya hapo. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja, intaneti ilidorora katika nchi nyingi za ukanda huu, na siku kama ile swali la kwanza ni kama seva iko ndani ya nchi au ng'ambo. Pima sehemu moja ya ndani na moja ya nje kabla hujagusa kitu. Ikiwa ya ndani inajibu upesi na ya nje inasuasua, acha mipangilio yako kama ilivyo.

Ukishaingia kwa SSH, maswali hubadilika. Achana na `ifconfig` na `netstat`, ambazo mifumo mingi mipya ya Linux haiji nazo tena, na uzoee `ip` na `ss`. Kwa `ip -br addr` unaona kila kadi ya mtandao na anwani yake kwa mstari mmoja. Kwa `ip route` unaona lango ambalo pakiti zinatokea. Na `ip -s link` inakuonyesha makosa yaliyohesabiwa kwenye kadi, ambayo yakipanda kila unapoangalia huwa yanaelekeza kwenye kebo au swichi. Ninayoithamini kuliko zote ni `sudo ss -tlnp`, inayotaja programu zinazosikiliza na anwani zinazosikilizia. Ukiona hifadhidata ya PostgreSQL iko kwenye 127.0.0.1:5432, umepata jibu la kwa nini tawi haliifikii: inasikiliza mashine yake yenyewe tu, na hakuna kebo wala ruta itakayorekebisha hilo.

Kuna tatizo moja ninalotaka kulieleza kwa kirefu kwa sababu huwachosha watu kwa siku nzima. Katika tawi moja la Mwanza, ping ilijibu vizuri bila kupoteza hata pakiti moja, poti 22 ilifunguka, lakini SSH iliganda kabla ya kuomba nenosiri. Nilipoiendesha kwa `ssh -v`, mstari wa mwisho uliobaki kwenye kioo ulikuwa "expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY". Atakayeona mstari huo, na pakiti ndogo zinapita, ashuku ukubwa wa pakiti. Kipimo chake ni `ping -M do -s 1472` na anwani, ambapo 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa unapata 1500, na `-M do` inakataza pakiti kukatwa vipande njiani. Hiyo ilinyamaza kabisa. Nilipoishusha hadi 1464, majibu yalimiminika. Jumla yake ni 1492, kiwango kinachojulikana cha laini za PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa huduma huunganishia wateja. Ruta ilipaswa kurudisha ujumbe wa kusema pakiti ni kubwa mno, lakini fayawoli njiani ilikuwa imeruhusu ICMP ya ping pekee na kuzuia aina nyingine zote, hivyo hakuna upande uliojua kinachotokea. Ili kuingia, nilishusha kwa muda MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kompyuta yangu mwenyewe kwa `sudo ip link set dev eth0 mtu 1400`, kwa kuwa pande mbili za TCP huambiana mwanzoni ukubwa ambao kila mmoja anaweza kuupokea, na SSH ikafunguka papo hapo. Baada ya hapo niliweka 1492 kwenye seva, na fayawoli ikarekebishwa ili iruhusu ujumbe ule. Naomba sana wanaofunga ICMP yote kwa jina la usalama walifikirie hili.

Kubadilisha mtandao wa mashine unayoifikia kwa mtandao huohuo kunahitaji tahadhari ambayo sikubali kuilegeza. Kabla ya kugusa anwani, lango au fayawoli, panga kuwashwa upya kwa `sudo shutdown -r +10`, kisha fanya badiliko kwa amri ya muda isiyohifadhiwa kwenye faili. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 mashine itarudi na mipangilio ya zamani. Ukiona uko salama, futa kwa `sudo shutdown -c` kisha uhifadhi. Kwenye Ubuntu, `netplan try` hufanya kazi kama hiyo kwa kurudisha mipangilio ya awali usipothibitisha ndani ya sekunde 120. Tawi liko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka ulipo, na hakuna sababu ya kulipa nauli kwa ajili ya namba moja iliyokosewa.

Jambo la mwisho hufanywa siku ambayo hakuna tatizo. Endesha `mtr`, `ss -tlnp` na `ip route` kwa kila seva yako na uhifadhi majibu kwenye faili yenye tarehe, kwa kuwa milisekunde 180 haikuambii kitu mpaka ujue kwamba wiki iliyopita ilikuwa 40. Ukimwandikia mtoa huduma, ambatanisha ripoti hiyo ya zamani, ripoti ya sasa ya `mtr` kutoka pande zote mbili, na anwani zote mbili. Saa iandikwe 10:00 pamoja na UTC+3, wala si saa nne, kwa sababu mhandisi atakayeisoma huenda hayuko Afrika Mashariki, na atakachokifanya kwanza ni kulinganisha saa hiyo na kumbukumbu za ruta zake.